Kulala Narai: mwongozo wa kutembelea mji mdogo wa milimani Japani kwa mara ya kwanza

Maswali ni yaleyale. Mtu asiyejua Kijapani atafikaje kijijini? Kuna hoteli huko? Nitakula nini kama sili nguruwe? Ni kweli watu wanaoga pamoja? Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo nimeandika yote hapa, na nimechukua mji mmoja ili tusizungumze hewani: Narai, katika Bonde la Kiso, mkoa wa Nagano. Ukiumudu Narai, miji mingine ya aina yake haitakushinda.

Narai ni barabara moja yenye urefu wa kama kilomita moja, nyumba za mbao nyeusi pande zote mbili, mlima upande mmoja na mto upande wa pili. Wasafiri wa zamani waliokwenda kwa miguu kati ya Edo (ndiyo Tokyo ya leo) na Kyoto kwa kupitia milimani, njia iitwayo Nakasendo, walikuwa na vituo 69 vya kulala. Narai kilikuwa cha 34. Historia tuishie hapo.

Jambo la kushika mapema ni hili: usiende Narai kwa mchana tu. Watalii wa mchana wanashuka asubuhi, wanapiga picha, wanakula tambi za soba, alasiri wanaondoka. Kufikia saa kumi na moja jioni maduka mengi yameshafungwa na barabara inabaki kwa wenyeji na wageni wachache waliolala. Huo ndio mji wenyewe. Ila usiku huo una ratiba ambayo hukuipanga wewe: imepangwa na treni, na imepangwa na mwenye nyumba anayekupikia. Karibu kila shida ninayoulizwa inatokana na mgeni kufika na ratiba yake mwenyewe.

Angalizo dogo kuhusu saa. Hapa nataja saa za Kiswahili, lakini ratiba na barua za Japani zinatumia saa 24. Saa kumi na mbili jioni utaiona imeandikwa 18:00. Ukimwandikia mwenye nyumba kwamba utafika "10:00" ukimaanisha saa kumi jioni, atakungoja asubuhi.

Kabla ya kuanza: unachohitaji

Viza. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza kabla ya kusafiri. Ubalozi utataka ratiba yako ya siku kwa siku pamoja na mahali pa kulala, kwa hiyo Narai iingie kwenye ratiba hiyo tangu mwanzo.

Fedha taslimu. Japani ya mijini inalipa kwa kadi na simu, lakini nyumba ndogo za wageni na maduka ya vijijini bado yanapenda noti. Mimi humwambia mtu awe na yen 30,000 mfukoni kwa usiku mmoja, zikiwemo noti kadhaa za 1,000. Zitoe ukiwa bado mjini, Tokyo, Nagoya au Matsumoto: mashine za ATM ndani ya maduka ya 7-Eleven na zile za posta hukubali kadi za nje.

Umeme. Japani inatumia volti 100 na soketi ya pini mbili bapa, kama ya Marekani. Chaja ya simu iliyoandikwa 100–240V itafanya kazi ukiwa na adapta. Pasi ya nywele au hita ya maji uliyonunua Kariakoo ya volti 230 iache nyumbani. Haitapata moto wa maana.

Intaneti ya simu, yaani laini ya data au eSIM, pamoja na ramani na programu ya kutafsiri zilizopakuliwa zifanye kazi bila mtandao. Bondeni mawimbi hukatika, hasa kwenye mahandaki ya reli.

Soksi nzima, zisizo na matundu. Sifanyi mzaha. Utavua viatu mara nyingi kwa siku kuliko unavyodhani, na viatu vyenyewe viwe vya kuvulika upesi.

Dawa zako zichunguze kabla. Japani ni kali kuhusu dawa za mafua zenye pseudoephedrine na za kikohozi zenye codeine. Nyama nayo haipiti uwanja wa ndege, hata ikiwa ndani ya sambusa alizokufungia mama, na matunda mabichi vivyo hivyo.

Si lazima kubeba zawadi, lakini pakiti ndogo ya kahawa itakufungulia mazungumzo. Kahawa ya Tanzania inauzwa Japani kwa jina la Kilimanjaro na wanywaji wengi wa kahawa wanalifahamu, hata wale wasioweza kuionyesha Tanzania kwenye ramani.

Hatua kwa hatua

1. Chagua tarehe. Kama unaweza, iwe katikati ya wiki. Epuka wiki ya sikukuu kati ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, siku za Obon (sikukuu ya kuwakumbuka wahenga) katikati ya Agosti, na mwaka mpya: ama pamejaa ama pamefungwa. Maua ya cheri huchelewa huku kuliko Tokyo kwa sababu mji uko juu, mita 900 na ushee, na majani hubadilika rangi mwezi wa kumi ukielekea mwisho. Mwanzoni mwa Juni kuna sikukuu ya mji na mnada mkubwa wa vyombo vya mbao vilivyopakwa utomvu wa mti wa urushi, katika mji jirani wa Kiso-Hirasawa. Inapendeza, ila utulivu usiutafute siku hizo. Desemba hadi Machi ni theluji na baridi kali. Mrembo kweli huo mji ukiwa mweupe, lakini kwa mtu wa Tanga anayekuja mara ya kwanza ningesema aanze na Mei au Oktoba.

2. Weka nafasi ya kulala, tena mapema. Hakuna hoteli ya ghorofa hapa. Kuna *minshuku*, nyumba ya familia inayopokea wageni, na *ryokan*, ambayo ni ya hadhi zaidi na ya bei zaidi. Vyumba ni vichache. Baadhi ya nyumba zimo kwenye tovuti kubwa za kuhifadhi hoteli. Nyingine zinapatikana kwa simu tu, na hapo mwombe mfanyakazi wa mapokezi wa hoteli yako ya mjini akupigie. Ni ombi la kawaida kwao.

Soma bei vizuri. Katika nyumba hizi bei huwa ni ya mtu mmoja, si ya chumba, na mara nyingi ndani yake kuna chakula cha jioni na cha asubuhi. Yen 10,000 kwa kichwa ni mahali pa kuanzia, na zinapanda. Watu wawili wanaona 12,000, wanashangilia, kisha mlangoni wanadaiwa 24,000.

Chukua nafasi pamoja na chakula. Usiseme utatafuta mgahawa jioni. Jioni karibu hakuna.

*Angalizo:* usishike nafasi nyumba tatu kisha ukafuta mbili dakika za mwisho. Nyumba yenye vyumba vitano inanunua samaki na mboga kwa idadi ya wageni wake. Ukishindwa kwenda, toa taarifa mapema na ulipe watakachokudai.

3. Sema unachokula na usichokula, siku kadhaa kabla. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Ukifika mezani ndipo useme huli nguruwe, umechelewa: chakula kimeshapikwa, na mama wa nyumba atafadhaika kuliko wewe.

Andika kwa Kijapani. Kwa Mwislamu, sentensi hii inatosha kuanzia: 豚肉、酒、みりんは食べられません。 Maana yake huwezi kula nguruwe, sake wala mirin. Hizo mbili za mwisho zitaje kwa majina, kwa sababu ni vileo vya kupikia vinavyoingia kwenye mchuzi na samaki bila mpishi kufikiria kwamba ametia pombe. Nyumba ndogo haitaweza kukuhakikishia halali ya kila kitu, nyama hasa, lakini wengi watakuandalia samaki wa mtoni wa kuchoma kwa chumvi, tofu, mboga za porini na wali. Asiyekula hata samaki ajue kwamba supu karibu zote zimeanzia kwenye samaki mkavu.

Vitu vitatu vya Nagano vya kujua kabla hujaviona kwenye sahani. Cha kwanza ni nyama ya farasi, tena mbichi. Ukiitaka, ni fahari ya mkoa. Cha pili ni *inago*, panzi waliopikwa kwa sosi ya soya na sukari; watu wa Bukoba waliolelewa kwa senene hawatahitaji mwongozo wangu hapo. Cha tatu ni soba yenyewe. Tambi hizo hutokana na nafaka ambayo Kiingereza huiita buckwheat; wengi wetu hatujawahi kuila, na kuna watu inawadhuru vibaya. Mara ya kwanza ionje kidogo ukiwa mjini karibu na hospitali, si milimani usiku. Mwenye mzio aulize hata kuhusu mto wa kulalia, maana mingine hujazwa maganda yake.

4. Tuma sanduku kubwa mbele. Usiburute sanduku la kilo 23 kwenye ngazi za vituo vidogo. Mapokezi ya hoteli za Japani hupokea mizigo ya *takkyubin*: wanaandika anwani ya hoteli yako inayofuata, unalipa kulingana na ukubwa na umbali, na mzigo mara nyingi unafika kesho yake. Kama unatoka Tokyo kwenda Kyoto kupitia Narai, sanduku litangulie Kyoto, wewe beba begi la mgongoni lenye nguo za usiku mmoja. Pasipoti isiingie kwenye sanduku. Sheria inakutaka uwe nayo wakati wote, na nyumba ya wageni itaomba kuinakili.

5. Panda treni sahihi. Kwanza jina. Narai si Nara, wala si Narita penye uwanja wa ndege. Nara ni jiji maarufu kwa wanyama wake, kulungu, karibu na Osaka. Kwa Kijapani Narai huandikwa 奈良井, herufi tatu. Nara ni zile mbili za mwanzo tu. Piga picha herufi hizo ukazilinganishe na ubao wa kituo.

Kutoka Tokyo: nenda kituo cha Shinjuku, panda treni ya haraka iitwayo Azusa inayokwenda Matsumoto, shuka Shiojiri. Ni kama saa mbili na nusu. Viti vyote vya Azusa ni vya kuhifadhi, kwa hiyo kata tiketi ya kiti kabla ya kupanda. Shiojiri badilisha, panda treni ya kawaida ya reli iitwayo Chuo inayoelekea Kiso-Fukushima au Nakatsugawa. Narai ni kituo cha tano.

Kutoka Nagoya: panda treni ya haraka iitwayo Shinano, shuka Kiso-Fukushima baada ya kama saa moja na nusu, badilisha upande treni ya kawaida kuelekea Shiojiri. Narai ni kituo cha nne.

Sasa sikiliza vizuri. Treni za haraka ni nyingi. Treni hizi ndogo za kawaida ni chache, na kati ya moja na nyingine panaweza kupita saa mbili. Anza kupanga na treni ndogo, kisha rudi nyuma utafute ya haraka itakayokufikisha kwa wakati. Wengi wanafanya kinyume, wanajikuta wamekaa Shiojiri wakihesabu mashamba ya zabibu. Piga picha ya ratiba nzima ya siku, ya kwenda na ya kurudi.

Nunua tiketi ya karatasi mpaka Narai. Kadi kama Suica, unayogusisha tu langoni Tokyo, usiitegemee hapa: Shiojiri ndipo kampuni mbili za reli zinapokutana, na vituo vidogo vya Kiso havina mashine ya kuisoma. Utaingia kwa kadi, ushindwe kutoka. Kuhusu ile pasi ya reli ya wageni, Oktoba 2023 ya siku saba ilipanda kutoka yen 29,650 hadi 50,000. Kwa safari hii peke yake hailipi.

Treni yenyewe mara nyingi ina mabehewa mawili na dereva peke yake. Milango mingine hufunguliwa kwa kubonyeza kitufe, na kwenye vituo visivyo na mfanyakazi hufunguka ya behewa la mbele tu. Kaa mbele. Ukipandia kituo kisicho na mashine ya tiketi, chukua kikaratasi chenye namba mlangoni, utalipa kwa dereva. Noti yako isizidi ya 1,000.

6. Fika kabla ya saa kumi na moja jioni, kisha piga hodi. Utakuta mlango wa kusukuma kando, na hakuna mtu. Ufungue, ingia hatua moja, uite: *gomen kudasai!* Subiri. Ita tena. Usiendelee ndani hata kama unaona taa inawaka.

Viatu vinavuliwa hapo chini, kabla ya sakafu iliyoinuka, na usikanyage chini kwa soksi kisha ukapanda nazo juu. Ndani utapewa ndala za kutembelea ukumbini. Ukifika kwenye chumba chenye mikeka ya *tatami*, ndala nazo zinavuliwa. Chooni kuna ndala zake, zibaki huko. Kila mgeni amewahi kutoka chooni nazo akaingia sebuleni, na kila mwenyeji ana hadithi hiyo.

Herufi za Kijapani zilizoandikwa kwa Kirumi zisome kama Kiswahili, utaeleweka: *konnichiwa* mchana, *konbanwa* jioni, *sumimasen* ukitaka kumwita mtu au kuomba radhi, *arigato gozaimasu* kushukuru. Usipige kelele za furaha. Kuta ni karatasi na mbao. Bakshishi usitoe, itamsumbua kurudisha.

7. Oga kwa utaratibu wao. Hili ndilo swali linaloulizwa kwa kunong'ona, basi nijibu kwa sauti. Kwenye chemchemi kubwa za maji moto, ndiyo, watu huoga uchi pamoja, wanaume kwao na wanawake kwao. Katika nyumba ndogo za Narai bafu mara nyingi ni la familia, mnaingia kwa zamu na mlango unafungwa. Mwambie mwenye nyumba unapenda kuingia peke yako au na mwenzi wako, atakupangia saa.

Kuna bomba na kigoda pembeni, na kuna beseni kubwa la maji moto, pengine la mbao ya hinoki inayonukia. Kaa kwenye kigoda, jisugue kwa sabuni, jisuuze mpaka povu liishe lote. Ndipo uingie kwenye beseni, mwili mtupu, bila sabuni wala taulo, ukae kimya uive. Maji hayo ni ya wote watakaofuata. *Usitoe kizibo.* Mgeni mwenye nia njema ya kuacha bafu safi humwaga maji yote, na nyumba nzima inabaki bila kuoga mpaka yachemke mengine.

Baada ya hapo utavaa *yukata*, vazi la pamba la chumbani. Upande wa kushoto uje juu ya wa kulia. Kinyume chake huvalishwa maiti.

8. Kula kwa wakati, lala mapema. Chakula ni saa kumi na mbili au kumi na mbili na nusu, na ni hiyohiyo. Vinakuja vibakuli vingi vidogo. Tafuta *sunki*, kachumbari ya majani ya turnipu (mzizi unaofanana na figili) za Kiso iliyochachuliwa bila chumvi hata chembe. Chumvi milimani ilikuwa ghali. Kabla ya kula sema *itadakimasu*, ukimaliza *gochisosama deshita*. Ukimaliza kula, wali usibaki.

Kukaa chini kukikushinda, kunja miguu kawaida au nyoosha kwa pembeni. Kukalia magoti si lazima kwa mgeni, na nyumba nyingi zina kiti kifupi ukiomba.

Kwa anayeswali: tatami ni safi, nafasi ipo, lakini kibla si kule ulikozoea. Nyumbani Afrika Mashariki tunaelekea kaskazini. Huku ni magharibi, ukisogea kidogo kaskazini. Tumia dira ya simu.

Baada ya chakula toka nje. Taa ni chache, mabirika ya maji ya mlimani yanatiririka kando ya barabara usiku kucha, na utasikia nyayo zako. Tembea mpaka mwisho wa mji na urudi. Usichungulie kwenye madirisha ya mbao kwa sababu tu yamependeza; ndani kuna watu wanatazama taarifa ya habari.

9. Amka kabla ya mabasi ya watalii. Kati ya alfajiri na saa tatu mji ni wako. Maji ya kwenye mabirika hunyweka. Chota kwa kata iliyowekwa, mimina kwenye kikombe au kiganja, usiweke mdomo kwenye kata. Tazama jinsi ghorofa ya juu ya nyumba ilivyotokeza mbele kuliko ya chini, na madirisha ya vijiti. Hiyo mbao ni utajiri wenye damu: enzi za watawala wa Owari (eneo la Nagoya ya leo), kukata mti wa hinoki wa Kiso bila ruhusa kuliweza kukugharimu kichwa, na wenyeji wakasema "mti mmoja, kichwa kimoja".

Maduka yakifunguliwa, nunua *goheimochi*, wali uliopondwa ukabandikwa kwenye kijiti, ukapakwa sosi ya jozi au ufuta na kuchomwa. Ula ukiwa umesimama palepale dukani, kisha rudisha kijiti. Hakuna mapipa ya taka barabarani. Uchafu wako unarudi nao mjini.

10. Ukiwa na nguvu, vuka mlima wa Torii. Njia ya zamani inaanzia mwisho wa mji na kupanda hadi mita 1,197, kisha inateremka Yabuhara. Ni kama kilomita 6; jipe saa tatu. Juu kabisa maji yanagawanyika: mto Narai unaoanzia upande huu unaishia Bahari ya Japani, na Kiso wa upande wa pili unaishia Pasifiki. Kutoka Yabuhara unarudi Narai kwa treni, kituo kimoja tu, kwa hiyo angalia saa ya treni kabla ya kuanza kupanda.

*Angalizo:* kuna dubu. Mashambulizi yameongezeka Japani miaka ya karibuni, na hapa si mahali pa ujasiri. Njiani zimetundikwa kengele. Ipige kila unayoikuta. Funga na nyingine kwenye begi, ongea kwa sauti, usitembee magharibi ikiingia, na waulize wenyeji asubuhi kama kuna dubu aliyeonekana. Wakisema usiende, usiende. Kukiwa na theluji pia acha.

Mambo yakienda mrama

*Treni imeniacha.* Pigia nyumba ya wageni mara moja, kabla ya kutafuta treni nyingine. Wakijua utachelewa watakuwekea chakula. Wasipojua wataanza kuogopa kwamba umepotea. Kama ni usiku, teksi kutoka Shiojiri au Kiso-Fukushima ipo lakini itakuuma.

*Wamekataa kunipokea kwa kuwa niko peke yangu.* Hutokea siku za wageni wengi, na kwa kawaida si ubaguzi wa rangi ingawa utadhani hivyo. Chumba cha watu wawili kinalipwa kwa vichwa. Jaribu siku ya katikati ya wiki, au lala Kiso-Fukushima au Matsumoto na uje Narai kwa treni ya kwanza.

*Chumba ni baridi.* Nyumba hizi zilijengwa kupitisha hewa. Omba blanketi la pili. Kama kuna hita ya mafuta ya taa, mwombe mwenyeji akuonyeshe kuiwasha, fungua dirisha kidogo mara kwa mara, na uizime kabla ya kulala.

*Kadi imekataliwa na noti zimekwisha.* Mwambie mwenyeji ukweli, acha begi, panda treni hadi Kiso-Fukushima au Shiojiri ukatoe fedha. Ndiyo maana nilisema 30,000.

*Simu imepiga king'ora cha ajabu.* Ni tahadhari ya tetemeko. Jikinge kichwa, ingia chini ya meza, kaa mbali na makabati na vioo. Usikimbilie nje, vigae vya paa huanguka. Likishapita, fuata wenyeji wanavyofanya.

*Mtoto analia usiku.* Kila mtu anasikia, na hakuna atakayesema. Asubuhi inamisha kichwa kwa wageni wengine, *sumimasen*, imekwisha. Wakati wa kuhifadhi nafasi taja umri wa mtoto. Nyumba nyingine hazipokei wadogo.

*Nimeugua au nimeumia.* Gari la wagonjwa ni 119, polisi ni 110. Ukikwama lugha, kuna simu ya watalii ya saa 24 yenye Kiingereza, 050-3816-2787, ya shirika la utalii la Japani. Kabla ya kulala, omba mwenyeji akuandikie anwani ya nyumba kwa Kijapani kwenye karatasi na uiweke pamoja na pasipoti. Ukiwa mlimani na huwezi kusema uko wapi, mpe mpita njia simu yako azungumze badala yako.